Upande wa Nyuma wa Karatasi

Barua ile niliituma mimi, kwa vidole vyangu mwenyewe, Ijumaa moja zikiwa zimebaki dakika tatu kufika saa kumi na moja jioni. Wanafunzi wa chuo kizima waliipata kabla mimi mwenyewe sijaisoma.

Wakati huo nilikuwa Kitale, nikifanya kazi katika saiba, chumba cha kukodisha kompyuta na intaneti, kilichokuwa ghorofani juu ya duka la mbegu. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, intaneti ikiwa bado ni jambo la kufuata mjini kama vile mtu anavyofuata hospitali. Nilikuwa na miaka thelathini hivi na nilikuwa nimeshafanya kazi nyingi zisizoelekea popote. Nimepakia magunia ya mahindi, nimechimba mashimo ya nguzo za simu, nimeuza vitabu vikuukuu Bungoma, na hukohuko Bungoma nimelinda lango la chuo cha uhazili. Hapo langoni ndipo nilipojifunza kupiga chapa. Wasichana walipokwenda kula, mwalimu wao aliniacha nikae kwenye mashine moja mbovu iliyokosa herufi mbili. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa. Nilichoka tu kuulizwa maswali ambayo majibu yake yalikuwa yanajulikana tayari.

Mwenye saiba alikuwa mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakaja kulima Trans-Nzoia. Alinipa ukurasa nichape, akatazama saa ya ukutani, akaniambia nianze kesho yake.

Wateja wetu wakubwa walikuwa walimu wa shule za msingi waliokuwa wakisomea digrii. Wakati wa likizo walikwenda chuoni, na shule zilipofunguliwa walirudi kufundisha, masomo yao yakaendelea kwenye mtandao. Chuo kiliwafungulia kikundi cha majadiliano. Mhadhiri aliuliza swali Jumatatu, wanafunzi wakajibu na kujibizana, na Ijumaa saa kumi na moja akafunga mjadala. Kushiriki kulikuwa na alama zake. Mtu asiyeandika kitu kwa majuma matatu alikosa ruhusa ya kufanya mtihani.

Sasa fikiria mwalimu aliye Cheptais, mlimani, ambako stima, yaani umeme, ilikuwa haijafika shuleni kwake, anawezaje kujibizana na watu kwenye mtandao kila juma? Ndipo tukabuni utaratibu wetu. Walimu sita waliniachia paswadi zao, maneno ya siri ya kuingilia kikundini, nikaziandika kwenye daftari. Kila Jumanne nilichapisha ujumbe wote wa kikundi, nikautia kwenye bahasha za kaki na kuzipa magari ya kwenda huko waliko. Walimu walisoma, wakageuza karatasi zilezile na kuandika majibu yao kwa kalamu upande wa nyuma. Bahasha zikarudi Alhamisi au Ijumaa, nami nikaingia kwa jina la kila mmoja na kuchapa. Kila karatasi iliyorudi ilikuwa na mtandao upande mmoja na mwalimu upande wa pili.

Mama mwenye saiba aliniwekea sharti moja. "Utaipu vile imeandikwa. Hata koma usiongeze." Sharti hilo lilikuja baada ya mimi kurekebisha jibu la mwalimu mmoja likawa zuri kupita kiasi, mpaka mhadhiri akamuuliza amelitoa kitabu gani.

Sikuongeza koma tena. Lakini kusoma sikuweza kuacha. Nilisoma kila kitu kilichopita kwenye printa, na moduli zao pia walipozileta kutoa nakala. Somo la muhula ule lilikuwa takwimu, hesabu za wastani na mchepuko. Nilipoona jambo limeelezwa vibaya na mwanafunzi mmoja, niliweka maelezo madogo ya penseli pembeni mwa karatasi kabla ya kuifunga kwenye bahasha. Walimu watano hawakusema lolote. Wa sita, naibu wa mwalimu mkuu wa shule moja ya kule Cheptais, alinisahihisha. Karatasi zake zilirudi na alama nyekundu za vema kando ya penseli yangu, kama daftari la mwanafunzi. Mara moja aliandika: "Fafanua." Nilifurahi siku nzima.

Kikundi chenyewe kilikuwa kikavu. Nilikuwa nimedhani watu wa chuo kikuu wakikutanishwa watamwagiana elimu kama maji. Kumbe kila mmoja alitoa kijiko chake. Wengi waliandika, "Nakubaliana na mwenzangu hapo juu," wakaondoka na alama zao. Aliyejua zaidi ya wote alikuwa mmoja wa wale sita, mwalimu wa Kachibora, mama wa makamo ambaye kila Jumamosi alikuja pia mwenyewe saiba kusoma mjadala wa juma lililokwisha, akiwa na mkoba wa ngozi na miwani inayoning'inia shingoni. Majibu yake yalikuwa mistari mitatu. Yalikuwa sahihi, ila hayakuzidi mitatu kamwe.

Siku moja nilimuuliza. "Mwalimu, si ungewaelezea tu? Hii kitu unaijua yote."

"Niliwaelezea muhula wa kwanza," akasema bila kuinua macho. "Nikaandika ukurasa mzima. Watu kumi na mmoja wakaichukua vile ilikuwa, wakaweka kwa karatasi zao. Lekchara akaona karatasi kumi na mbili zinafanana. Unajua aliuliza nani?"

"Wewe."

"Ati nithibitishe ni yangu! Nikakuwa mwizi wa jasho yangu mwenyewe. Tangu hiyo siku, mistari mitatu. Anayetaka ya nne aende asome."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Ijumaa ile.

Bahasha ya Cheptais ilichelewa. Barabara ya mlimani ilikuwa na vizuizi vingi vya askari siku hizo, na gari lililobeba bahasha lilifika saa nane. Saa nane na nusu stima ikapotea. Nilikaa mbele ya skrini nyeusi na karatasi za watu sita mapajani. Naibu wa Cheptais alikuwa ameshakosa majuma mawili kwa sababu ya vizuizi hivyohivyo. Hili lingekuwa la tatu, na mtihani ungempita. Kule kwao nafasi ya mwalimu mkuu ilikuwa wazi na walimtaka mtu mwenye digrii. Jambo hilo nililijua kwa sababu barua yake ya kuomba nafasi niliichapa mimi.

Stima ilirudi saa kumi na dakika ishirini na tano. Kompyuta zetu zilichukua dakika kumi kuamka. Nilianza na wa karibu, nikamwacha yeye mwisho kwa sababu mwandiko wake ulikuwa rahisi kusoma. Nilichapa kama nilivyozoea wakati wa haraka, macho kwenye karatasi, vidole kwenye herufi, akili ikiwa kwenye saa ya ukutani. Jibu lake lilijaza upande wa nyuma wa karatasi ya kwanza. Nikaenda upande wa nyuma wa karatasi ya pili kama ilivyokuwa kawaida, nikaendelea. Nikafika mwisho. Nikabonyeza.

Mama alipiga makofi. "Umemaliza? Zote sita?"

"Zote."

Ndipo nikautazama ujumbe wenyewe kwenye skrini. Walikuwa wakiandika Kiingereza, lakini maneno yale nayakumbuka vizuri vya kutosha kuyaweka hapa kwa Kiswahili. Baada ya jibu lake kwa mhadhiri, ulifuata huu:

"Hayo ni majibu. Sasa ukweli. Haya mambo ya mchepuko sijayaelewa tangu juma la kwanza. Majibu ninayotuma nayatoa kwa wenzangu na kugeuza maneno. Mimi ni naibu na nafundisha hesabu darasa la nane, siwezi kuuliza mbele ya watu. Wewe unayeweka penseli pembeni unaonekana umeelewa. Nieleze kutoka mwanzo, kama mtoto. Usimwambie mtu."

Nilitafuta pa kufutia na sikupaona. Mwanafunzi aliweza kuandika lakini hakuweza kufuta. Ni mhadhiri peke yake aliyeweza.

"Nini?" Mama akauliza.

"Nimetuma kitu ya mtu."

Alikuja akainama juu ya bega langu. Alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Toa."

"Haitoki. Ni lekchara tu anaweza kuitoa."

"Si umpigie?"

"Nimwambie mimi ni nani?"

Hakuna mtu chuoni aliyejua kwamba walimu sita wanaandikiwa na mtu aliyeacha shule kidato cha pili. Mama alivuta kiti akakaa. "Na mimi ndio nilikuambia utaipu vile imeandikwa," akasema.

Nilimpigia naibu simu. Sauti ya msichana ikasema mteja hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena, na tena, na lazima nikiri kwamba kila mara msichana yule aliposema, nilipumua.

Usiku ule na Jumamosi asubuhi hakuna aliyeandika kitu. Mjadala ulikuwa umefungwa kwa upande wa alama, lakini mtu angeweza kuandika akitaka. Hakuna aliyetaka. Kikundi kilikaa kimya, na barua ikakaa juu kabisa na jina la mwenyewe.

Mwalimu wa Kachibora alifika saa nne. Nilimfungulia ukurasa, nikasimama kando. Alivaa miwani. Alisoma, akaivua, akaipangusa kwa pindo la kitambaa, akasoma tena.

"Huyu si yule wa Cheptais?"

"Ndiyo."

"Na mwenye penseli?"

Nilianza kupanga karatasi za printa.

"Ni wewe." Alinigeukia na kiti kizima. "Ati ni wewe! Miezi yote hii nafikiria kuna mwenzetu anaandika hizo maneno pembeni, nasema huyu ni nani amesoma hivi. Kumbe mtu wa printa."

"Mwalimu, nilikosea. Sikuwa nataka kutuma hiyo."

"Kama hukutaka na imeenda, tofauti ni gani? Umemvua mtu nguo sokoni, bana. Yeye anajua?"

"Bado. Simu haishiki."

Alikusanya vitu vyake bila kuchapisha kitu. Mlangoni alisimama. "Unajua ni miaka miwili tuko kwa hiyo grupu. Kila mtu anajibu. Sijawahi kuona mtu ameuliza."

Jumapili niliizungusha akilini njia ya kujificha. Naibu aliujua mtandao kwa kupitia mimi tu. Nisichokichapisha hakikuwepo kwake. Ningeweza kumtayarishia bahasha ya juma jipya, nikaiacha barua yake nje, na yeye akaendelea kufundisha darasa la nane bila kujua nchi nzima imemsoma. Kadiri nilivyoendelea kufikiri ndivyo njia hiyo ilivyozidi kuonekana kama huruma.

Jumatatu saa tatu, jibu la kwanza likaja. Lilitoka kwa mtu nisiyemjua, wa upande wa pwani. "Hata mimi, tangu juma la pili. Nilidhani niko peke yangu." Basi. Saa nne likaja jingine: "Na mimi." Saa tano mwanafunzi mmoja akaandika kuhusu mashamba mawili ya mahindi. Wastani wa urefu wa mahindi ni mmoja, lakini shamba moja limelingana kama limekatwa kwa kisu, na jingine lina marefu na mafupi yamechanganyika. Mchepuko, alisema, ni kipimo cha kule kuchanganyika. Mwingine akapinga, akasema mchepuko ni tofauti kati ya mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote. Wa tatu akaleta mayai. Printa yangu haikupumzika. Watu ambao kwa miaka miwili walikuwa wakikubaliana na wenzao hapo juu walikuwa wakibishana.

Saa saba mchana, mwalimu wa Kachibora akaingia. Haikuwa Jumamosi. Alikuwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta.

"Nina saa moja tu," akasema. "Nipe kompyuta, na usinisimamie."

Alichapa kwa vidole viwili, akikunja uso. Alipomaliza nilihesabu mistari. Ilikuwa kurasa mbili nzima.

"Hawa kumi na moja si wataichukua tena?" nikamuuliza.

"Wachukue. Hiyo sikuandikia lekchara." Alisimama akachukua mkoba. "Nimeandikia mtu ameniambia hajui. Mpelekee."

Hapo ndipo mtego wangu uliponinasa. Maelezo yote aliyoyahitaji naibu yalikuwa mbele yangu, bora kuliko ambayo ningeweza kuandika mimi. Lakini kila moja lilianza na jina lake na siri yake. "Mwenzetu wa Cheptais, usione aibu..." Nisingeweza kumpa msaada bila kumpa aibu ndani ya bahasha hiyohiyo.

Na Jumanne mhadhiri akaandika. Hakuwa na maneno mengi. Aliyeandika ujumbe wa Ijumaa amwandikie yeye mhadhiri peke yake kabla ya Alhamisi saa sita mchana, aeleze ni majibu yapi aliyatoa kwa wengine. Asipojibu, jina lake lingeondolewa katika somo.

Nilikuwa na paswadi yake. Nikaingia. Nikaanza kuandika kwa niaba yake: "Mheshimiwa, siku hiyo sikuwa na afya nzuri na niliandika mambo ambayo..." Niliandika aya nzima. Ilikuwa nzuri. Nilijua kuandika kama yeye, hata mahali anapoweka nukta. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Utamuandikia mpaka lini?" akauliza. "Na mtihani utamfanyia?"

"Anaweza kufukuzwa, mama."

"Basi afukuzwe akijua."

Niliifuta aya ile herufi moja moja, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika mwisho wake.

Jumatano asubuhi nilipanda lori la mahindi lililokuwa likishuka Bungoma, bahasha ikiwa ndani ya shati. Naibu alikuwa na mazoea ya kushuka kila Jumatano alasiri kuchukua bahasha katika yadi ya mbao ya shemeji yake, si mbali na reli. Nilifika saa saba. Shemeji hakuwepo. Nilikaa juu ya rundo la mbao za mikaratusi, nikapanga karatasi upya. Nilitanguliza kurasa za Kachibora, kisha mahindi, kisha mayai, kisha mhadhiri. Barua yake niliiweka chini kabisa. Halafu nikaona huo ni ujanja, nikaitoa nikaiweka juu. Halafu nikairudisha chini.

Alifika saa nane na nusu kwa boda boda. Sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimemwazia mtu mkubwa, kumbe alikuwa mfupi, mwenye suti ya kahawia na kalamu mbili mfukoni, nyekundu na ya buluu.

"Shemeji yuko?"

"Ametoka, mwalimu. Mimi ndio nimeleta parua yako. Kutoka Kitale."

Nilijisikia nikisema "parua" kama watu wa Bungoma. Ulimi wangu huwaiga watu ninapoogopa.

Alinitazama vizuri. Uso wake ukafunguka. "Ni wewe! Mwenye penseli! Kijana, si ungesema unakuja, ningeambia mama watoto apike. Uliona ile kitu nilikuandikia?"

"Niliona."

"Umeniletea?"

Nikampa bahasha. Alikaa kwenye mbao, akavuta karatasi, akaanza. Ukurasa wa kwanza ulianza na maneno ya mwalimu wa Kachibora: "Mwenzangu wa Cheptais, nimesoma barua yako."

Alisoma mstari huo akasimama hapo. Hakuenda wa pili.

"Barua gani?"

Nilimweleza. Nilimweleza stima, bahasha kuchelewa, saa, karatasi ya pili. Niliongea haraka, na nikaona kwamba kila kitu nilichosema kilikuwa kweli na hakikusaidia. Alipekua karatasi mpaka ya mwisho, akaiona barua yake imechapwa na jina lake juu. Akazilaza karatasi magotini.

"Nani wamesoma?"

"Wote."

"Na lekchara?"

"Na yeye."

Aliniambia maneno ambayo sitayaandika. Hakupaza sauti. Mtu aliyekuwa akipima mbao upande wa pili wa yadi hata kugeuka hakugeuka. Alisema amefundisha miaka kumi na tisa na hakuna mtoto aliyewahi kumwona akikosea ubaoni. Alisema wale wanaotaka nafasi ya mwalimu mkuu wana ndugu zao humo kikundini. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mimi nilikuuliza wewe. Jibu yako iko wapi?"

Sikuwa nalo. Siku tano nilikuwa nimehangaika kuficha, kupiga simu, kupanga karatasi, na sikuwa nimemwandikia hata mstari mmoja.

"Sina, mwalimu."

"Basi nieleze sasa. Hapa. Si umeharibu? Nieleze."

Nilitoa penseli. Nikaandika kwenye ubao mmoja alama za watoto watatu: arobaini, hamsini, sitini. Wastani hamsini. Kisha wengine watatu: sifuri, hamsini, mia. Wastani hamsini vilevile.

"Hiyo najua," akasema kwa ukali. "Usinipe wastani. Nafundisha wastani."

"Sawa. Sasa kila mtoto yuko umbali gani na hamsini? Huyu amepungua kumi, huyu hajapungua, huyu amezidi kumi."

"Jumlisha."

Nikajumlisha. "Sifuri."

"Kwa hivyo hawa watoto wamelingana?"

"Hapana. Ndiyo maana tunazidisha kila tofauti kwa yenyewe."

"Kwa nini?"

Moduli ilisema tuzidishe, nami nilikuwa nikizidisha. Miezi yote ile nilikuwa nikiandika pembeni mwa karatasi za watu, na hilo sikuwahi kujiuliza.

"Sijui," nikasema.

Gari la mizigo lilikuwa likiburuta mabehewa yake relini, tukasubiri lipite. Kisha akachukua kurasa za Kachibora, akaruka mstari ule wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata maneno. Mwalimu wa Kachibora alikuwa amelieleza hilo katikati ya ukurasa wa kwanza. Aliyepungua na aliyezidi wakijumlishwa wanafutana, na inaonekana kama hakuna aliyeachwa. Kumi ya kupungua ikizidishwa kwa yenyewe inakuwa mia, na kumi ya kuzidi inakuwa mia, kwa hiyo hakuna anayemfuta mwenzake. Baadaye unazijumlisha, unagawa kwa idadi ya watoto, kisha unatafuta kipeuo cha pili ili urudi kwenye alama za kawaida.

"Ahaa," akasema. Alisema kwa hasira, lakini alisema. Alichukua kalamu yake ya buluu, akapiga hesabu ya watoto wa pili palepale kwenye ubao, karibu na penseli yangu. Alipopata jibu alilizungushia duara.

Alisoma karatasi zilizobaki kwa mpangilio. Kwa yule wa mahindi alitikisa kichwa kukubali. Kwa yule aliyesema mchepuko ni tofauti ya mrefu na mfupi, alitoa kalamu nyekundu. "Huyu amekosea. Hiyo ni kitu ingine kabisa. Na hakuna mtu amemwambia?"

"Hakuna."

"Atafeli hivyo."

Kisha akafika kwa mhadhiri. Aliisoma mara mbili. "Alhamisi ni kesho."

"Naweza kukuandikia, mwalimu. Niambie tu niseme nini, nikirudi leo..."

"Wewe?" Alisimama, akajipangusa vumbi la mbao. "Saiba ya hapa iko wapi?"

Ilikuwa karibu na soko, chumba cha kompyuta nne. Alilipia saa nzima. Alivuta kiti, nami nikasimama nyuma yake. Nilipopeleka mkono kwenye kipanya aliurudisha kwa kalamu, taratibu, kama wanavyofanya wao darasani.

"Usiguse. Niambie tu."

Nikamwambia. Andika anwani hii. Bonyeza hapa. Jina lako. Paswadi. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Kabla ya kitu kingine aliniuliza mahali pa kubadilishia paswadi, nikamwonyesha kwa kidevu, kisha akaniambia nigeuke. Niligeuka nikatazama kalenda ya ukutani hadi aliposema nirudi.

Kumjibu mhadhiri kulimchukua dakika arobaini. Nilisoma kila neno likitokea na sikumsaidia hata pale alipokosea. Alitaja majibu manne kwa majuma yake na walioyaandika. Hakusema kwamba alikuwa mgonjwa. Alisema hakuelewa na aliona haya, kwamba yuko tayari kuyafanya upya yote manne, na kwamba aliyekuwa akimchapia hatamchapia tena. Akabonyeza. Akatoa kitambaa akajifuta shingo.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Sasa ile ya wote. Ya grupu."

"Mwalimu, hawajasema lazima ujibu hiyo."

"Nani amesema lazima? Huyu wa mrefu na mfupi nitamwacha hivyo?"

Nikamwambia pa kubonyeza. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili za muda aliolipia. Mwenye saiba akatangaza kwamba wanafunga saa kumi na moja na hatamwongezea mtu. Naibu alivuta ubao wa herufi karibu, akaweka kando yake ukurasa uliokuwa na wino mwekundu, na kwa kidole kilekile kimoja akaanza kumwandikia yule mtu asiyemjua kuhusu watoto watatu waliopata sifuri, hamsini na mia.